Muulize Fundi: Kwenda kinakwenda, kusimama je?

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji: aliyeunda chombo cha kusafiria kwa mikono yake mwenyewe, aniandikie. Nilitarajia barua mbili tatu. Zimekuja mpaka nimezihamishia kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea, na mke wangu ameshauliza kama siku hizi nimeajiriwa posta. Nimezisoma zote chini ya mwembe ulio mbele ya banda langu la kazi hapa Mwanga, Kigoma. Karibu kila mtu anauliza injini: ipi, ya farasi wangapi, itakwenda mbio kiasi gani. Barua moja tu imeuliza kuhusu kusimama. Naanza na hiyo, na nitakaa nayo sana, mnisamehe.

*Shikamoo fundi. Nanunua mawese Mwandiga na kuyashusha mjini. Mdogo wangu ameniundia guta kwa baiskeli mbili mbovu za Phoenix na mabomba ya maji. Linabeba madumu kumi. Kupanda wanasukuma watu wawili, hakuna neno. Kushuka ndiyo roho inanitoka. Waya wa breki umeshakatika mara mbili, sasa kijana anazuia kwa ndala. Tufanyeje? — Mama wa Mawese, Mwandiga*

Marahaba, mama. Kwanza mpe mdogo wako hongera zangu kwa yale mabomba ya maji. Bomba la inchi moja likichomelewa sawasawa halina wivu na fremu ya baiskeli.

Sasa tupige hesabu. Dumu la lita 20 likijaa mawese lina kilo 18 hivi, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Madumu kumi, kilo 180. Kijana weka 60. Guta lenyewe, kwa mabomba hayo, halipungui 50. Tumefika karibu kilo 300. Mkiwa kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, uzito huo unamsukuma kijana mgongoni kwa nguvu ya kilo 30. Yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji unamkalia mgongoni, na wenyewe hauchoki wala hausimami kuvuta pumzi. Breki ya baiskeli, vile vipira viwili vinavyobana rimu, ilitengenezwa kumsimamisha mtu mmoja na kapu lake. Kwa hiyo msiulaumu waya. Umekatika kwa sababu kijana aliuvuta kwa nguvu zote alizopewa na mama yake, na chombo kikaendelea kwenda.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika lakini nalijua: dumu moja kati ya hayo kumi linavuja. Lazima. Kifuniko kimechoka, mmekifunga na kipande cha nailoni. Tone la mawese likishuka kwenye rimu, breki yako imekuwa mwiko wa kusongea ugali. Inateleza tu.

Hayo ya mteremko nayajua kwa ngozi yangu. Mwaka 1991 nilikuwa na mkokoteni wangu wa kwanza, ekseli ya gari bovu, matairi mawili na mbao za mninga (siku hizo mninga ulikuwa bado mbao ya mkokoteni, leo ni ya kabati la tajiri). Nilipakia magunia sita ya chumvi ya Uvinza, nayapeleka bandarini yavuke kwenda Kongo. Aliyewahi kufika Kigoma anaijua barabara ya Lumumba: inatoka huku Mwanga, inashuka kati ya miembe mikubwa, na kule chini inakupeleka stesheni na ziwani. Mwanzo niliushika mkokoteni mimi. Baada ya kidogo tukawa tunakwenda sawa, kama marafiki. Kisha ukanishika wenyewe. Mzigo ulikuwa umekaa nyuma, mikono ya mkokoteni ikaninyanyua, nikawa nagusa ardhi kila baada ya hatua nne. Mbele yangu kuna mama anauza ndizi, nikapiga ukelele wa neno moja ambalo mhariri hataliruhusu. Niliunyonga usukani wa mbao kushoto, ukaingia kwenye mwembe. Magunia mawili yalipasuka. Mbuzi wa mtaa mzima walikuja kulamba barabara siku tatu, na mpaka leo wapo wazee hapa wanaoniita Bwana Chumvi. Kovu liko goti la kushoto.

Basi fanya hivi, mama. Mpeleke mdogo wako kwa wauza spea chakavu za bodaboda, anunue habu mbili za nyuma za pikipiki zenye breki ya ndani, ile ya viatu viwili vinavyotanuka ndani ya duara la chuma. Iko kwenye nyumba yake, mawese hayaifikii. Afunge moja kila tairi la nyuma. Sharti spoku ziwe za pikipiki na rimu iwe ya pikipiki, msichanganye. Waya mbili zitoke kwenye breki hizo zikutane kwenye kijiti cha chuma cha urefu wa kiganja, mmoja kila ncha. Katikati ya kijiti toboeni tundu, hapo ndipo ushike waya mmoja mnene unaokwenda kwenye wenzo wa breki wa kuvuta kwa mkono. Kijiti hicho kinafanya kazi ya mizani: upande mmoja ukivuta zaidi, kinainama na kuusaidia mwingine, kwa hiyo guta halivutwi upande. Nimeona mafundi wanaofunga waya mbili moja kwa moja kwenye wenzo. Siku ya kwanza inafanya kazi. Siku ya kumi waya mmoja umelegea, guta linageuka katikati ya barabara kama mtu aliyeitwa jina.

Cheni nayo. Kama mdogo wako ameifunga kwenye ekseli moja ngumu inayozungusha matairi yote mawili ya nyuma, mwambie aikate. Kwenye kona tairi la nje linakwenda safari ndefu kuliko la ndani. Gari lina difu ya kuyatenganisha, guta halina. Cheni izungushe tairi moja tu, la pili lijizungukie lenyewe.

Na kushuka, kijana ashuke. Atembee pembeni, mkono kwenye breki, na mwenzake nyuma ameshika kamba. Madumu yawe sita mpaka mtakapojaribu breki mpya kwenye tambarare mkiwa na mzigo kamili. Ndala mrudishie mwenyewe avae.

*Habari fundi. Kaka yangu hatembei tangu utotoni, ana baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono. Kasulu ni vilima na mikono inachoka. Tunataka kumfungia mota ya umeme ya wati 250 na betri za gari. Itafaa? — Dada yake, Kasulu*

Nzuri, dada. Itafaa kwa sharti. Kaka yako, chombo na betri, tuseme kilo 150. Mlima wa kupanda mita moja kwa kila mita 20, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, unadai wati 120 na ushee, mota inatosha. Mlima ukiwa mkali mara mbili ya huo, unadai 250 kabla hujahesabu vumbi, matairi laini na upepo. Hapo mota itanguruma, itapata moto, na mwisho itanuka. Kwa hiyo msiing'oe ile cheni ya mkono. Mota imsaidie, mikono ibaki kazini kwenye mlima mkali. Na kwenye tairi wekeni spoketi kubwa, mwendo upungue nguvu iongezeke. Hamuendi mashindanoni.

Betri za gari acheni. Zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha zijazwe papo hapo. Ukizitumia mpaka zilegee kila siku, sahani zake zinakufa kabla ya msimu kuisha. Tafuteni zile za sola, na hata hizo msizishushe chini ya nusu. Zikae chini kabisa, chini ya kiti, katikati ya matairi. Chombo cha matairi matatu chenye mzigo juu kinalala kwenye kona. Fyuzi iwe karibu na betri, na swichi ya kuzima iwe mahali kidole kinapofika bila macho kutafuta.

Sasa lile langu. Mikono ya kaka yako inazungusha cheni, inashika usukani, na inatakiwa pia ishike breki. Kazi tatu, mikono miwili. Mtengenezeeni breki yenye meno kama hendibreki ya gari: akivuta inabaki imejifunga, anaweza kupumzika katikati ya mlima bila kurudi nyuma. Mota iliyozimwa haizuii chombo.

Na neno moja la pembeni, usinune. Barua nzima umeandika "tunataka". Yeye anataka nini? Nilishawahi kumrekebishia kazi mzee mmoja ambaye mkono wake wa kulia una nguvu kama jeki na wa kushoto ni dhaifu. Fundi wa kwanza alimwekea breki kushoto. Hakumuuliza.

*Fundi, nina pawatila na trela lake. Dizeli imenishinda bei. Nyumbani kuna mawese. Naweza kumimina? Pia abiria wananiomba niwabebe siku za gulio. — Mwenye Pawatila, Simbo*

Wazo lako lina ukoo mkubwa. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wageni wengi hata hawakujua. Kwa hiyo injini ya dizeli haichukii mafuta ya mimea.

Lakini wewe ni mtu wa mawese, unajua asubuhi ya baridi yanakuwaje: yanatulia chini ya dumu kama uji wa juzi. Nozeli inayarusha mafuta kwenye injini kwa vitundu vyembamba kuliko sindano ya cherehani. Uji haupiti. Wanaofanya hivyo huyapasha moto kwanza mpaka yawe mepesi, huwasha injini kwa dizeli, huhamia mawese ikishapata joto, na kabla ya kuzima hurudi dizeli ili mabomba yasigande. Au huyabadilisha kabisa kwa spiriti ya methanoli na magadi makali, kazi inayohitaji mtu aliyesoma, maana methanoli inapofusha na kuua. Ukimimina hivihivi, utaendesha wiki mbili ukiwacheka wenzako. Ya tatu utakuja kwangu na nozeli iliyoziba na pistoni yenye masizi ya kubandua kwa patasi.

Abiria: usiwabebe. Trela la pawatila ni la mahindi. Kuna kitu hujakiandika na ninaomba uwe unakijua. Kwenye tambarare, ukivuta klachi ya kushoto, pawatila linakata kushoto. Mteremkoni, ukivuta ileile ya kushoto, linakata *kulia*. Mlimani kushuka, injini ndiyo inayoyazuia matairi. Ukilifungulia la kushoto linakimbia huru, linaliacha la kulia nyuma, na pua inageukia kulia. Nimewaona madereva wazoefu wakiingia korongoni kwa hilo, mkono ukifanya kile ulichozoea. Kwenye mteremko mkali geuza kwa kusukuma mikono ya usukani, klachi za pembeni usiziguse.

*Fundi, marehemu babu alisema wakati wa vita ya pili Wazungu waliendesha magari kwa kuni. Wajukuu tunabishana. Na kama ni kweli, mimi huku Sikonge mkaa ninao. — Mjukuu, Sikonge, Tabora*

Babu hakudanganya. Petroli ilikwenda vitani, na Ulaya nzima malori, mabasi na teksi vikafungwa matangi marefu ya chuma nyuma au ubavuni. Mtambo uliotumika sana ni wa Georges Imbert, mhandisi wa Ufaransa, aliouunda miaka ya 1920. Ndani ya tangi unawasha kuni au mkaa na kuunyima hewa. Moto usiopata hewa ya kutosha unatoa gesi inayoweza kuwaka, na kinachowaka ndani yake hasa ni kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi inapozwa, inachujwa masizi, inaingia kwenye injini ya petroli. Karibu kilo tatu za kuni zinafanya kazi ya lita moja ya petroli, na nguvu ya injini inapungua sana, theluthi na zaidi. Asubuhi dereva anawahi kuamka akoleze moto kama mama lishe.

Sasa wewe. Ile gesi ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu. Kiungo kimoja kikivuja kwenye kibanda cha dereva, atasinzia akiwa kwenye usukani. Hilo la kwanza. La pili, nimesoma kazi Tabora, nimekula asali ya Sikonge miaka yote hiyo, na nyuki wa huko wanakaa kwenye hiyo miti unayotaka kuigeuza petroli. Sikuchorei mtambo.

*Babu Fundi shikamoo. Nina miaka 17, nimeanza kuunda helikopta kwa injini ya Boxer. Fremu nimemaliza, mapanga ni ya bati. Nikuulize urefu wa mapanga. — Rubani, Urambo*

Marahaba, mwanangu. Boxer ya cc 150 ina farasi kumi na mbili hivi. Robinson R22, helikopta ndogo ya Marekani ya watu wawili, ina uzito usiozidi kilo 622 ikiwa imepakiwa, na inahitaji farasi zaidi ya 120. Fremu yako ya chuma na wewe mwenyewe hamtanyanyuka. Ninachoogopa ni bati. Panga la helikopta linavutwa na mzunguko kwa nguvu ya tani, na bati likikatika halichagui linaelekea wapi. Mdogo wako atakuwa amesimama pale anashangilia. Ling'oe leo. Fremu ibakishe, kachukue fomu chuo cha VETA hapo mkoani, ukirudi na cheti cha umakanika nitakuandikia barua mimi mwenyewe. Kuna Watanzania wanaounda magari kutoka mwanzo mpaka mwisho, wale wa kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha. Wanahitaji vijana wanaomaliza fremu.

*Fundi, mimi mstaafu wa reli mwenzako. Nimetoka Goma kumsalimia mtoto, nikaona watu wanapanda baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala cheni. Nikakumbuka kiberenge chetu cha kusukuma kwa mikono. Yupi alianza? — Gangmeni Mstaafu, Tabora*

Kaka, umenikumbusha mbali. Ulichokiona ni chukudu. Gogo la mkaratusi lililochongwa, gurudumu la mbao mbele na nyuma, yamevishwa ngozi ya tairi kuukuu. Mtu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, na akifika mteremkoni anasimama juu yake na magunia yake ya viazi na kabichi anashuka kama mwewe. Wana Goma wameiheshimu mpaka wameisimamishia sanamu mjini. Lakini uliangalia nyuma, karibu na gurudumu? Kuna kipande cha mpira wa tairi. Anakikanyaga kwa kisigino, kinabana gurudumu. Mbao tupu, misumari, na bado breki ipo! Nakushukuru kwa kuwaletea vijana wetu ushahidi.

Na kuhusu kiberenge, swali lako lina jibu tamu. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, wa mji wa Mannheim, aliunda chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Hakina pedeli, unakalia na kusukuma ardhi kwa miguu. Ndiye babu wa baiskeli zote, na chukudu kwa sura ni ndugu yake wa tumbo moja. Baadaye mtu huyohuyo alishughulika na chombo cha relini cha kuendeshwa kwa nguvu za mtu, na ndiyo maana mpaka leo Wajerumani na Wafaransa kiberenge wanakiita *draisine*, kwa jina lake. Wajerumani hao ndio waliotuletea reli ya kati, iliyofika hapa Kigoma mwaka 1914. Wewe na mimi tumesukuma jina la mtu kutoka Tabora hadi Usinge bila kujua.

Wasiojua kiberenge niwaambie: kilikuwa jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, upana wa reli yetu mita moja kamili, watu wawili huku na wawili kule wanapampu mti wa katikati. Breki yake ilikuwa kanyagio lenye gogo la mbao ngumu linalosugua gurudumu. Likiungua lilinuka kama tanuri la mkate, na harufu hiyo ndiyo iliyomwambia msimamizi wetu kwamba tulishuka kwa fujo.

*Mwalimu alisema kuna meli zilivutwa na ng'ombe milimani mpaka Ziwa Tanganyika. Darasa zima tulicheka. — Mwanafunzi, Ujiji*

Mwambieni mwalimu pole kwa kuchekwa. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hili. Walisafirisha boti mbili za vita, *Mimi* na *Toutou*, kila moja urefu wa mita 12 hivi, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume huko Kongo. Reli ikaishia hapo. Agosti na Septemba mwaka huo zikaburutwa juu ya matrela kuvuka milima ya Mitumba, zikivutwa na matrekta mawili ya mvuke yanayokula kuni na kunywa maji kama tembo, na pale matrekta yaliposhindwa, makumi ya ng'ombe. Baada ya hapo treni tena, mto Lualaba, treni tena, mpaka ziwani. Siku moja baada ya Krismasi waliiteka boti ya Kijerumani *Kingani*.

Meli kubwa ya Wajerumani wenyewe, *Graf von Goetzen*, ilikuja kwa akili nyingine: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa reli ndani ya makasha, ikaungwa upya hapahapa Kigoma. Mnaijua. Ndiyo *Liemba*. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Hiyo safari ya Mitumba naiwaza sana nikiwa nachomelea. Vitabu vinasifu jinsi walivyopanda. Mimi najiuliza yule mtu wa nyuma, siku boti ya tani kadhaa ilipoanza kushuka upande wa pili, alikuwa ameshika nini.

*Shikamoo babu. Nina gari la waya. Kila tairi la mbele lina mhimili wake, nageuza kwa fimbo ndefu. Likikata kona matairi ya mbele yanakwaruza ardhi. Kwa nini? Nina miaka 11. — Dereva wa Gungu, Kigoma*

Marahaba, dereva. Umeuliza swali lililowasumbua waunda magari ya farasi, mpaka mwaka 1818 Rudolph Ackermann alipolichukulia hataza huko London kwa niaba ya fundi wa Munich aliyelivumbua, Georg Lankensperger.

Matairi yako ya mbele yanageuka sawasawa, yote kwa kipimo kimoja. Ndiyo kosa. Kwenye kona tairi la ndani linazunguka duara dogo, kwa hiyo linatakiwa ligeuke zaidi kuliko la nje. Fanya hivi: vile vijiwaya viwili vinavyotoka kwenye matairi kwenda nyuma, ambavyo umeviunganisha kwa waya wa kulala, usiviache vimenyooka. Vikunje vyote kwa ndani kidogo, mpaka ukivitazama kwa jicho moja vielekee katikati ya mhimili wa nyuma. Ule waya wa kulala utakuwa mfupi zaidi, ukate upya. Geuza fimbo uone. La ndani litakunja zaidi lenyewe, na kukwaruza kutaisha. Ukishindwa, uje nalo hapa Mwanga Jumamosi, nina beringi ndogo mbili za dinamo nimekuwekea.

Umeandika chini ya barua, kwa kalamu nyekundu: "Breki nimeweka, ni kipande cha ndala ya dada, usimwambie."

Sitamwambia.